Mafuta ya CBD: mie yananitia njaa, dada yangu yamemkata hamu ya kula. Inakuwaje?

BintiKisiwandui #1

Asalaam alaykum wanabodi. Humu najua wamo manesi, wamo wafamasia, na wamo wajuaji wa kila kitu, hebu nisaidieni.

Binamu yetu anaishi Uingereza. Alikuja kabla ya Ramadhani akatuletea mafuta ya CBD, mie kichupa na dada yangu kichupa. Dada ana sukari ya ukubwani, huu mwaka wa nne, na kilo zake ni tisini na kitu. Mie sina maradhi, nna mwili tu. Binamu katwambia kule watu wanatumia kupunguza mwili, eti yanachoma mafuta na yanafunga njaa. Matone kumi chini ya ulimi asubuhi, kumi usiku. Tukasubiri mfungo uishe, tukaanza baada ya Idi.

Wiki ya pili tu dada hamu ya kula ikamkatika. Mtu aliyekuwa akimaliza mkate wa ufuta mzima na mchuzi wake, sasa anachokonoa sahani kama kuku. Mie ndo kinyume. Saa tano usiku nafungua friji natafuta mwiku. Juzi nimeamka usiku nikapika tambi, nikazila peke yangu gizani ili watoto wasiamke. Nimepanda kilo tatu.

Kichupa kimoja, kipimo kimoja, tumbo tulilotoka moja. Inakuwaje?

Dereva505 #2

Waalaykum salaam. Hiyo bangi dada yangu, imetiwa kwenye kichupa cha manukato. Mvuta bangi hujamuona anavyokula? Nawapakia kila siku. Wakishuka Forodhani hawachagui: urojo, mishkaki, maji ya miwa, vyote ndani.

KarafuuKavu #3

Naweka kiti. Mke wangu anayo hiyo kitu, tena kaificha nyuma ya kopo la unga.

MwanaFamasia #4

Dereva una kweli nusu. Mmea ni mmoja, lakini ndani yake mna kemikali za jamii hiyo zaidi ya mia, na mbili ndizo maarufu, THC na CBD. THC ndiyo inayolevya na ndiyo inayotia njaa, kwa sababu inashika vipokezi vya CB1 vilivyo kwenye ubongo. Njaa ya THC ni jambo la kitabibu kabisa: Marekani THC ya kutengenezwa maabara, jina lake dronabinoli, iliruhusiwa tangu 1992 kwa wagonjwa wa ukimwi waliopoteza hamu ya kula.

CBD haivishiki vile vipokezi kwa nguvu, na hailevyi. Kama inafanya chochote kwenye hamu ya kula, basi ni kuipunguza. Kwa hiyo dada yako yuko sawa na kitabu. Wewe ndiye wa kuelezwa.

MzeeWaKonde #5

Kuno Konde sie tuna hulba, tuna habasoda, tuna mlonge nyuma ya nyumba. Mtu akitaka kukonda twampeleka shamba msimu wa karafuu, apande mikarafuu wiki mbili. Hicho kichupa bei gani?

BintiKisiwandui #6

Shikamoo mzee. Binamu kasema pauni thelathini na kitu.

MzeeWaKonde #7

Marahaba. Thelathini ngapi zetu? Usinambie, nna presha.

Pweza_wa_Paje #8

Ngoja niwape kisa. Nafanya kazi hoteli moja upande wa mashariki. Wageni wakiondoka huacha vitu: vipodozi, vitabu, dawa za mbu. Kuna siku wameacha pakti ya pipi laini zenye umbo la dubu. Mwenzetu wa jikoni akazila nne, akidhani pipi. Baada ya saa mbili anacheka na sufuria. Jioni kulikuwa na khitma kijijini, tukenda naye. Wallahi sinia ya watu wanne ya biriani, sie tumetia mkono mara mbili tatu, ya nne hatukuona kitu. Mwenye shughuli akaleta nyingine akidhani sie ndo walafi. Kesho yake kaamka adhuhuri hana habari.

Sasa ile pakti iliandikwa CBD kubwa kabisa kwa mbele.

Dereva505 #9

😂😂 Ndo nilivyosema #2.

MwanaFamasia #10

Pweza, huyo alikula THC, hata kama pakti imeandikwa maziwa ya unga. Na hili si la ajabu. Mwaka 2017 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni kutoka kampuni 31. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo ni 26 tu. Nyingine zilizidi, nyingine zilipungua, na 18 zilikutwa na THC ndani. Kwa hiyo BintiKisiwandui, dhana yangu ya kwanza: kichupa chako kina THC kidogo, cha dada hakina.

Nesi_Mstaafu #11

Mwanangu, kabla hamjaenda maabara za Marekani, tuanzie nyumbani. Huyo dada mwenye sukari anatumia dawa gani, na tangu lini? Nimefanya kazi kiliniki ya kisukari miaka. Mgonjwa akinambia hamu imekatika, swali langu la kwanza ni metformini. Ile inakata hamu, inachafua tumbo, inaacha ladha ya chuma mdomoni. Hasa ikianzwa au ikiongezwa.

TumboHalinaDini #12

Mnazunguka bure. CBD inaziba CB1. Ndo ile ile dawa ya kupunguza unene ya Marekani, Acomplia, iliyotoka 2010. Ukiziba CB1 njaa inakwisha. Sayansi rahisi.

MwanaFamasia #13

Makosa matatu kwenye mistari mitatu, hongera. Acomplia ilikuwa ya kampuni ya Kifaransa, dawa yenyewe rimonabanti. Iliruhusiwa Ulaya 2006, Marekani haikuruhusiwa kamwe, na 2008 iliondolewa sokoni Ulaya kwa sababu watu walipata huzuni kali, na hofu ya watu kujiua ilikuwa kubwa. Kweli ilikondesha, lakini ilizima njaa pamoja na raha ya kuishi.

Na CBD siyo rimonabanti. Rimonabanti inakaa mlangoni penyewe inaziba. CBD inagusa pembeni ya mlango, ufunguo wa THC uingie kwa tabu. Ni vitu viwili.

TumboHalinaDini #14

Sawa mwalimu. Lakini mlango ni ule ule.

SitaShawwal #15

Mie naona mmesahau kalenda. Dada kaanza baada ya Idi. Mwezi mzima mtu anakula usiku: futari, daku, kaimati katikati. Ukitoka hapo mwili bado una saa ya Ramadhani. Mie mwenyewe bila ya mafuta yoyote hufika Shawwal yote saa tano usiku natafuta uji. Mwenye kufunga sita ndo kabisa. Tambi za usiku ni za Ramadhani, si za kichupa.

BintiKisiwandui #16

SitaShawwal umenichekesha, ila sita nilifunga kweli. Nesi, shikamoo. Dada anatumia metformini tangu mwanzo. Nimempigia simu sasa hivi kumuuliza, kasema ndiyo, baada ya Idi daktari kamuongezea kutoka kidonge kimoja cha 500 kutwa mara mbili, kuwa viwili kutwa mara mbili. Hakuniambia!

Nesi_Mstaafu #17

Marahaba. Basi.

BintiKisiwandui #18

Siyo basi bibi yangu. Anaapa hamu ilikatika kabla ya kuongezewa dozi. Siku ya kwenda kiliniki alikuwa keshaanza kuacha chakula, na ndo alimwambia daktari "siku hizi sili sana lakini sukari haishuki".

Nesi_Mstaafu #19

Na alimwambia daktari kuhusu matone?

BintiKisiwandui #20

…

Nesi_Mstaafu #21

Nimefahamu.

Mpemba_Ughaibuni #22

Salaam kutoka Leicester. Huku hivi vichupa vinauzwa kama vitamini, duka la mboga analo, kinyozi analo. Lakini Oktoba 2023 mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza ilishusha ushauri wake: mtu mzima mwenye afya asipite milligramu 10 kwa siku kwenye bidhaa za chakula. Kabla yake, 2020, walikuwa wamesema 70. Wameshusha kwa sababu ya ini, na tezi ya shingo pia. Na ushauri wao tangu mwanzo ni kwamba mwenye kutumia dawa nyingine asiguse bila ya kuuliza, wala mjamzito, wala mwenye kunyonyesha.

BintiKisiwandui, hebu soma lebo za vichupa vyote viwili utwambie. Yaliyoandikwa kwa mbele yaache, soma yale madogo ya nyuma.

BintiKisiwandui #23

Nimemtuma mtoto kwa dada akapige picha lebo. Jamani nna aibu.

Changu: mililita 30, CBD jumla milligramu 500, kimeandikwa ni cha mmea mzima, ndani kuna mafuta ya MCT ya nazi.

Cha dada: mililita 10, CBD jumla milligramu 1,000, kimeandikwa ni CBD tupu iliyosafishwa. Nacho mafuta ya MCT ya nazi.

Vichupa vinafanana rangi na vipimo vya mkononi. Mie nilidhani cha dada kidogo kwa sababu yeye mgonjwa!

Dereva505 #24

Kumbe si kichupa kimoja! Kichwa cha uzi kibadilishwe, tumeingizwa mjini.

MzeeWaKonde #25

Mafuta ya nazi? Yatoke minazi ya watu, yende Ulaya, yatiwe kwenye kichupa, yarudi Unguja kwa pauni thelathini? Ndo maana sie hatuendelei.

MwanaFamasia #26

Sasa tunapiga hesabu. Chukulia mililita moja ni kama matone 20.

Cha Binti: 500 gawa kwa 30 ni karibu 17 kila mililita. Matone kumi ni nusu mililita, yaani kama milligramu 8. Mara mbili kwa siku, 17 hivi.
Cha dada: 1,000 gawa kwa 10 ni 100 kila mililita. Matone kumi ni 50. Mara mbili, 100 kwa siku.

Dada anakunywa mara sita ya mdogo wake, na mara kumi ya ule ushauri wa Uingereza wa #22. Huku wote wanahesabu "matone kumi".

Sasa pima na dawa halisi. Ipo dawa ya hospitali ya CBD, Epidiolex, ya watoto wenye kifafa kigumu, Marekani waliiruhusu 2016. Hiyo dozi yake hufika milligramu 10 mpaka 20 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwenye majaribio yake hamu ya kula ilipungua kwa asilimia 16 ya waliopewa 10 kwa kilo, na 22 ya waliopewa 20 kwa kilo. Waliopewa dawa ya uongo, isiyo na kitu ndani, ni asilimia 5. Na wengine walipungua uzito kidogo.

Kwa dada mwenye kilo 90, 10 kwa kilo ni milligramu 900 kila siku. Kichupa chake kizima ni kama siku moja. Yeye anakunywa 100, yaani kidogo kupita 1 kwa kilo. Kwa kipimo hicho sitegemei hamu ikatike namna hiyo.

Mpemba_Ughaibuni #27

2018, siyo 2016. Juni 2018. Mengine sawa.

MwanaFamasia #28

Kweli, 2018. Ahsante.

KarafuuKavu #29

Kwa hiyo mke wangu anatupa hela. Lakini niseme ukweli: tangu aanze, analala. Huyu mtu alikuwa akiamka usiku mara nne mpaka tano kula kashata na kuangalia simu. Sasa akigusa mto kimya. Kapungua kidogo. Mie naona si njaa iliyofungwa, ni usingizi umefunga friji.

Pweza_wa_Paje #30

Na Binti yeye anaamka. Labda yeye yanamkosesha usingizi.

BintiKisiwandui #31

Nalala vizuri tu. Ila naamka na njaa.

HabaSodaTu #32

Mnabishana juu ya njaa, kumbe kazi yake ni metaboli. CBD inageuza mafuta meupe ya mwili kuwa mafuta ya kahawia yanayochoma joto. Imethibitishwa. Kwa hiyo Binti metaboli yake imepanda, moto unawaka, mwili unadai kuni zaidi, ndo anakula. Atakuja kukonda baadaye, asubiri.

MwanaFamasia #33

Imethibitishwa kwenye bakuli la maabara. Ni watafiti wa Korea, 2016, na chembe zenyewe ni za panya, siyo hata panya mzima. Chembe za mafuta zikatiwa CBD zikaonesha dalili za ukahawia. Kutoka hapo mpaka Kisiwandui kuna bahari.

Kwa binadamu mwenye sukari upo utafiti mmoja wa Uingereza, 2016 pia, watu 62. Kundi moja lilipewa CBD milligramu 100 mara mbili kwa siku, wiki 13. Sukari ya asubuhi kabla ya kula haikushuka. Iliyoshusha ni ndugu yake mwingine kwenye mmea huo huo, THCV. Hiyo kwenye vichupa vya dukani aghlabu haimo ya maana.

HabaSodaTu #34

Na habasoda je?

MwanaFamasia #35

Fungua uzi wako.

TumboHalinaDini #36

MwanaFamasia, nakurudisha #26. Umesema 100 haitoshi. Lakini dada anakunywa na nini? Nimesoma CBD inakwenda na mafuta. Ukiinywa na chakula chenye mafuta mengi mwili unachukua mara nne hadi tano zaidi kuliko tumbo tupu.

MwanaFamasia #37

Leo umepata. Hiyo ni kweli, imepimwa kwa dawa yenyewe ya hospitali. Binti, dada anatumia kabla au baada ya chakula? Hayo ya chini ya ulimi mengi yake humezwa tu.

BintiKisiwandui #38

Baada ya chai. Na chai yake ni maandazi ya nazi, au muhogo wa nazi. Usiku baada ya wali wa nazi. Mie asubuhi natia mdomoni kabla ya kula chochote, binamu ndo alivyosema.

TumboHalinaDini #39

Basi zidisha 100 mara nne. Uzi umefungwa, nashukuru.

MwanaFamasia #40

Haujafungwa. Hata majaribio ya dozi kubwa watu wengi wao walikuwa wanakula. Na kama sasa hali chochote, hayo mafuta ya nazi ya kusukumia CBD yanatoka wapi?

ShangaziMwembeTanga #41

Mie naja na yangu, na msinishambulie. Yupo mtu amewahi kuwaza kwamba kichupa cha Binti kimetiwa vidonge vya kunenepesha? Mnavijua. Bibi harusi akionekana mwembamba, mwezi kabla ya ndoa anapewa "vitamini". Ndani ni siproheptadini, dawa ya mzio inayotia njaa na usingizi, na wengine wanachanganya na deksamethasoni. Mwanangu mimi alipewa na muuzaji wa mtaani. Wiki tatu uso umekuwa duara kama sahani, tukashangilia, mashallah bibi harusi kanawiri. Baadae sukari ikapanda, miguu ikavimba. Hospitali wakatwambia steroidi. Tangu siku hiyo chochote kinachoanza na "vitamini" na kumfanya mtu aamke usiku kupika, nakitilia shaka.

Mpemba_Ughaibuni #42

Shangazi, huku anayeuza CBD anataka mteja akonde, kwa nini amtie cha kunenepesha?

ShangaziMwembeTanga #43

Mwanangu, anayechanganya dawa kisirisiri hana mpango wa biashara. Na una hakika gani kwamba kichupa kilitoka huko? Binamu alipita Dubai?

BintiKisiwandui #44

Alipita Dubai 😳 siku mbili.

Mpemba_Ughaibuni #45

Kama alivibeba akapita navyo Dubai, basi ashukuru Mungu kwanza kwamba yuko nje. Kule wana masharti makali ya bidhaa za bangi, watu wameshafungwa.

Dereva505 #46

Na hapa kwetu? Pale uwanjani Kisauni mbwa hatakuuliza THC ngapi, CBD ngapi. Sheria inajua bangi. Mamlaka ya dawa za kulevya ya Zanzibar hawana mchezo siku hizi. Na dawa kuingia nchini ni kazi ya ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar. Binti, futa picha za lebo.

BintiKisiwandui #47

Sikuziweka! Niliandika tu.

KarafuuKavu #48

Ngoja nikahamishe kopo la unga.

SitaShawwal #49

Suala jengine, sijaona mtu kalitaja. Halali au haramu? Maana hailevyi, lakini mti wake unalevya.

MzeeWaKonde #50

Muulize maalim wako, usiwaulize madereva.

Dereva505 #51

Madereva tumekosa nini mzee 😂 Mie nimesoma chuoni juzuu zote.

Mjukuu_wa_Chake #52

Nimesoma uzi wote kimya, lakini hapa lazima niseme. Ami yangu ana matatizo ya moyo, anatumia warfarini, ile ya kulainisha damu. Mwanawe akamletea matone haya haya kwa ajili ya maumivu ya magoti. Ami akatumia mwezi, hakumwambia mtu. Siku moja anapiga mswaki damu haikatiki. Kupimwa, INR, kile kipimo cha damu inavyoganda, imepita mbali. Daktari aliuliza "umebadilisha nini?" mara tatu ndo akataja kichupa. Kakiwacha, dozi ikarekebishwa, alhamdulillah yuko salama. Tulifahamishwa kwamba ini linalosaga warfarini ndilo linalosaga CBD, na CBD inalishughulisha. Sasa dada mwenye sukari, pengine ana ya presha, pengine ana ya mafuta kwenye damu…

Nesi_Mstaafu #53

Ahsante mwanangu. Haya ndiyo nilikuwa nayangoja. BintiKisiwandui, mpeleke dada apime ini, kipimo cha kawaida tu cha damu. Ini likichokozwa dalili ya kwanza ni hiyo hiyo: hamu kukatika, kichefuchefu, uchovu. Mnasherehekea kukonda, kumbe ini linalia. Sisemi ndiyo, nasema apime. Na aende na kichupa mkononi, siyo kukisimulia.

MwanaFamasia #54

Nakubaliana na bibi. Epidiolex yenyewe kabla ya kuanzishwa mgonjwa hupimwa ini, na kipimo hurudiwa. Wanaopanda vipimo vya ini zaidi ni wenye kutumia valproati, dawa nyingine ya kifafa, pamoja nayo, na wenye dozi kubwa. Dozi ya dada ni ndogo, lakini kama lebo ni ya uongo basi hata hiyo 100 hatuijui.

Nilikuwa nataka kupendekeza mbadilishane vichupa wiki mbili tuone njaa inahamia kwa nani, ila najua nitapigwa.

Nesi_Mstaafu #55

Utapigwa.

Pweza_wa_Paje #56

Mie nipeni vyote viwili, mshahara haujatoka.

BintiKisiwandui #57

Mrejesho. Nimeshampeleka dada leo asubuhi Mnazi Mmoja. Daktari kasoma kichupa, kageuza, kasoma tena, kakiweka pembeni, akasema aache kukitumia kwa sasa. Damu wamechukua, majibu wiki ijayo. Dada amekasirika, anasema mie ndo nimemharibia, kwa mara ya kwanza tangu azae ameingia gauni lake la zamani.

Na jengine. Pale wakanipima na mie. Kumbukeni nilisema nimepanda kilo tatu. Mwanzo nilijipima kwa yule kijana wa mizani ya mtaani Darajani, kabla ya Idi, 78. Wiki iliyopita nikajipima kwa jirani mwenye mizani ya dijitali, 81. Leo hospitali: 78 na nusu.

TumboHalinaDini #58

SUBIRI. Kwa hiyo hujapanda?

Dereva505 #59

Kurasa tatu! Kurasa tatu tumejadili ubongo na panya wa Korea, kumbe mizani ya jirani!

BintiKisiwandui #60

Lakini tambi nimekula kweli jamani. Njaa ipo, hiyo haina mizani.

MwanaFamasia #61

Na ya dada je? Alipimwa wapi mwanzo?

BintiKisiwandui #62

Kwa jirani yule yule. Leo hospitali kapungua kilo mbili, siyo tano kama tulivyodhani.

SitaShawwal #63

Na uzito wa kabla ya Idi ni wa mtu aliyekwisha mfungo, siyo uzito wake wa siku zote. Narudi #15.

MzeeWaKonde #64

Mizani nayo ni mtihani. Mwaka mmoja nimepima gunia langu la karafuu nyumbani, nikalifunga, nikalipandisha gari. Kufika linakopimwa, pungufu. Nikawaambia hino yenu mbovu, wakanambia yako ndo mbovu. Nikapima na ya duka la nyama njiani nikirudi na gunia tupu na mimi juu yake. Ikasema mimi kilo arubaini na nane.

KarafuuKavu #65

Mzee, karafuu ulizianika siku ngapi?

MzeeWaKonde #66

Siku tatu, na jua lenyewe la mawingu.

KarafuuKavu #67

Basi ni maji yalikauka njiani. Karafuu ya siku tatu za mawingu haijakauka hiyo.

MzeeWaKonde #68

Maji kilo tano? Kutoka Konde?